Nani Alibeba Deraya?

Ubishi ulianza saa kumi jioni, ghorofa ya pili ya jengo moja la Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwenye fremu ya rafiki yangu fundi simu. Tulikuwa wanne, na swali lilikuwa moja: kati ya deraya ya Mark 3 na ile ya Mark 6, ipi bora?

"Mark 3 kifua chake ukuta," alisema mmoja wetu. "Imetengenezwa kwa vita vya kwenye korido za meli. Adui yuko mbele tu."

"Na akija nyuma?"

"Kwenye korido, mwanangu, nyuma yako yupo mwenzako."

Wa pili alikuwa mtu wa Mark 6, kwa ajili ya ile kofia yake yenye mdomo uliochongoka kama wa kunguru. Kwa mtu aliyekulia Dar es Salaam, ambako kunguru huiba mandazi mkononi, si ajabu kumpenda askari wa namna hiyo. Fundi mwenyewe hakuinua macho kwenye simu aliyokuwa ameipasua. Yeye ni wa Mark 5. Katika hadithi, deraya hiyo iliungwaungwa kwa vipuri vilivyobaki wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vimevuruga viwanda, ndiyo maana imejaa ribiti. "Hiyo ndiyo Kariakoo," alisema. "Kioo cha simu hii, betri ya simu ile, na inapiga."

Katikati ya ubishi ikapanda sauti kutoka kwenye ngazi: "Pisha mzigo! Mzigo huo!" Kijana mmoja akatokea na maboksi matatu kichwani, shingo imekaza, jasho likimwingia machoni. Tukabana ukutani. Akapita. Tukaendelea na Mark 3.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi kichwani, na makala hii inahusu sababu yake. Lakini kwanza niwaeleze wasioujua ulimwengu tuliokuwa tukiugombania.

Warhammer 40,000 ni mchezo wa vita wa mezani uliotolewa mwaka 1987 na kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza. Unachezwa kwa sanamu ndogo za plastiki ambazo mchezaji huziunga na kuzipaka rangi mwenyewe, pamoja na dadu na futi ya kupimia hatua. Hadithi yake inatokea maelfu ya miaka ijayo. Binadamu wanatawaliwa na Kaizari aliyekaa kwenye kiti cha dhahabu kwa miaka 10,000, si mzima si maiti, na himaya yake iko vitani kila upande. Mashujaa maarufu zaidi ni Space Marines, majitu yaliyobadilishwa miili na kuvikwa deraya zenye mabega makubwa kama masufuria ya pilau la harusi.

Kati yetu hakuna aliyewahi kumiliki jeshi kamili. Sanamu ni ghali, na kuziagiza ni ghali zaidi. Sisi tuliingia kwa mlango wa nyuma: gemu ya Space Marine 2, iliyotoka Septemba 2024, na riwaya tunazosoma kwenye simu. Mfululizo wa Horus Heresy, unaosimulia jinsi mwana kipenzi wa Kaizari alivyoasi na kuigawa himaya, ulianza mwaka 2006 kwa Horus Rising ya Dan Abnett. Ukahitimishwa mwaka 2024, baada ya vitabu zaidi ya 50. Tunavisoma kama kizazi cha wazazi wetu kilivyosoma vitabu vya Elvis Musiba na Willy Gamba wake: tunaazimana, tunasimuliana, tunakatazana kutoboa siri ya mwisho.

Watu wakitusikia hucheka. Watu wazima, mmoja wao yuko shahada ya uzamili, wanagombania kofia za askari wasiokuwepo. Zamani nilikuwa naona aibu. Siku hizi najibu kwamba deraya zile zinasomeka. Ukiona ribiti za Mark 5 unajua kwamba viwanda vimevurugika. Ukiona kifua kizito cha Mark 3 unajua vita vilipiganwa katika njia nyembamba. Vazi linabeba habari za watu, mahali na uhaba. Kusoma vazi hivyo ndiyo kazi niliyojifunza darasani, kwani mimi ni mwanafunzi wa historia.

Bibi yangu ndiye aliyenionyesha kwamba sikuwa wa kwanza katika ukoo kuugua ugonjwa huu.

Anaishi Ilala, mwendo wa miguu kutoka Kariakoo. Jumapili moja nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mume wangu," kisha akaninyang'anya simu aone kinachonichekesha. Ilikuwa picha ya vikosi viwili vya Space Marines, bluu na nyekundu, kila kimoja na bendera yake. Akaitazama kwa muda.

"Hawa wanashindana nini?"

"Wanapigana, bibi. Ila mimi na wenzangu tunashindana wepi wamevaa vizuri."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Basi hiyo ni beni, mume wangu. Mmeirudisha beni."

Beni ilikuwa ngoma, lakini neno ngoma peke yake halitoshi. Ilianza katika miji ya pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, na jina lake limetokana na bendi za kijeshi za wakoloni. Vijana walichukua tarumbeta, ngoma kubwa na mwendo wa gwaride, wakaunda vyama vilivyoshindana. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi, jina la pili likitokana na askari wa Scotland. Huku kwetu, kuanzia Tanga hadi Dar es Salaam na bara, majina makubwa yalikuwa Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa daraja, wenyeji wa mji na wenye kazi safi. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kuja, vibarua na wachukuzi.

Kila chama kilikuwa na vyeo: Kaizari, Kingi, Jenerali, na kushuka hadi askari wa kawaida. Wanawake nao walikuwa na viongozi wao wenye vyeo vyao. Kulikuwa na sare, saluti, adhabu na kupandishwa cheo. Kulikuwa pia na michango. Mwanachama akiugua walimtazama, akifa walimzika, na mgeni akifika mji asioujua alitafuta wenzake wa chama na kupata pa kulala. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima kuhusu beni, kilichotoka mwaka 1975. Alipinga wazo kwamba wachezaji walikuwa wanaiga wazungu tu. Kwake, ushindani ule wa miji na mitaa ulikuwepo pwani kabla ya bendi. Sare ilikuwa silaha mpya katika ugomvi wa zamani.

Maofisa wa kikoloni hawakuwa na uhakika huo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliandikiana barua za wasiwasi: watu hawa wenye majenerali na matawi kila mji, wanacheza au wanapanga jambo? Nikisoma habari hizo hucheka peke yangu. Hofu yao naielewa. Anayejipa cheo bila kupewa na serikali amekwishasema jambo, hata kama anacheza.

Bibi hakuyajua hayo ya vitabuni. Alichokuwa nacho ni hadithi ya mama yake kuhusu mjomba mmoja aliyekuwa mchukuzi bandarini. Mchana alibeba magunia. Jioni za ngoma alikuwa Jenerali wa Arinoti. Alikuwa na suruali nyeupe yenye mstari mwekundu ubavuni, iliyoshonwa kwa mkopo, na fundi aliyeishona alimdai hadi anakufa. Alikuwa na mkanda, na upanga wa mbao uliopakwa rangi ya fedha. Siku akiuvaa upanga ule, hata mkewe alimwita Jenerali.

Niliandika haraka. Mtindo wa mstari, rangi, upanga, deni. Utafiti wangu wa uzamili ulikuwa bado unatafuta mahali pa kusimama, na hapa nilikuwa nimepewa mtu wangu mwenyewe, wa damu, mwenye deraya yake. Nilijaza kurasa tatu.

"Cheo hicho alikipata vitani?" niliuliza, nikidhani nimeuliza swali la nyongeza tu.

"Vitani?" Bibi alishangaa. "Vitani hakuwa jenerali. Vitani alichukuliwa kubeba."

"Alivaa nini?"

Alifikiri. "Mama hakusema. Sidhani kama kuna aliyemuuliza."

Nilikaa na daftari langu. Kuhusu vita vya kuchezwa nilikuwa na kurasa tatu. Kuhusu vita vya kweli, ambavyo mtu huyo huyo alivipitia kwa miguu yake, nilikuwa na neno moja: kubeba.

Jina Kariakoo linatokana na watu hao. Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko eneo lile. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, walilifanya kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Watu wakalitamka jina kwa namna inayokaa vizuri mdomoni, likabaki. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa sababu hiyo hiyo. Jengo lilibadilika: soko tunalolijua ni kazi ya msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na liliungua Julai 2021. Jina halikuungua. Kila siku maelfu ya watu wanamwambia kondakta "Kariakoo" na kushuka bila kujua kwamba wametaja kikosi cha jeshi.

Wapagazi walihitajika kwa sababu ya mbung'o. Farasi na ng'ombe walioletwa kuvuta mizigo ya jeshi walikufa kwa wingi, barabara za magari zilikuwa chache, na mvua zilizigeuza hizo chache kuwa matope. Risasi, unga, mahema, dawa na sehemu za mizinga vilipita juu ya vichwa vya watu, kilo 25 hivi kwa kila mtu, siku baada ya siku. Upande wa Uingereza peke yake uliwatumia wapagazi wapatao milioni moja hadi vita vinakwisha. Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, nao waliwakusanya kwa maelfu mengi, mara nyingi kwa nguvu, hadi jeshi lao liliposalimu amri Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kwa upande wa Uingereza waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa.

Nilimchukua fundi simu twende Posta tukaione Sanamu ya Askari. Tumeizunguka na daladala tangu utoto, lakini hatukuwahi kusimama mbele yake. Iliwekwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Askari wa shaba amesimama juu, bunduki mkononi, singe imeelekezwa bandarini. Fundi aliizunguka kama anavyokagua simu kabla ya kuipokea. Alitazama kofia, mkanda, namna miguu ilivyofungwa vitambaa hadi chini ya goti.

"Huyu kachongwa na mtu anayejua," alisema. "Kila kitu kipo."

Nikamwonyesha maandishi chini, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling, na yanawataja wapagazi, yakiwasifu kuwa mikono na miguu ya jeshi. Fundi alisoma, akainua macho juu, akashuka tena.

"Sasa wako wapi?"

Nairobi, nikamwambia, kwenye sanamu kama hii, zipo sanamu tatu na mmoja wao ni mpagazi. Hapa Dar es Salaam, mji wenye mtaa mkubwa unaoitwa kwa jina la kikosi chao, juu hakuna mpagazi. Sanamu ni ya askari.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilichapisha ripoti juu ya kazi yake yenyewe baada ya vita ile. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Tume hiyo ilianzishwa ikiwa na kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe sawa bila kujali cheo. Kwa Ulaya, jina lilichongwa. Kwa mpagazi wa Afrika Mashariki, mara nyingi hata orodha haikutunzwa.

Tukiwa tunarudi kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja, fundi aliuliza swali ambalo mimi, msomaji wa historia, sikuwa nimeliuliza. "Kwenye Warhammer, nani anabeba?"

Tulianza kutafuta, na kumbe jibu limejaa kwenye vitabu tulivyosoma. Kila kikosi cha Space Marines kina watumwa wake. Wanasugua deraya, wanaifunga mwilini mwa bwana wao kipande kwa kipande, wanabeba risasi. Hupita kwenye riwaya kama yule kijana wa maboksi alivyopita kwenye ngazi: mstari mmoja, ukurasa mmoja, tunabana ukutani, wanapita, tunarudi kwa shujaa. Kuna kikosi kingine, Death Korps of Krieg, ambacho mashabiki wanakipenda kwa makoti marefu na barakoa za gesi. Mavazi hayo yametoka Vita Kuu ya Kwanza, kwenye mahandaki ya Ulaya. Wabunifu waliitazama vita ile ile iliyoipa Kariakoo jina lake, wakaona matope ya Ufaransa. Siwalaumu. Ndiyo picha walizorithi. Mimi nimezaliwa kilomita chache kutoka soko lenyewe, na nilikuwa nikiona zile zile.

Na watunzi wa mchezo huo husema wazi kwamba himaya ya Kaizari si ya kuigwa; ni kejeli juu ya utawala katili. Nakubali. Lakini kejeli juu ya himaya inaweza nayo kuvutiwa na viatu vyake hadi ikawasahau waliovipiga rangi.

Nilikumbuka kwamba tunayo riwaya iliyokwishalifanya jambo hili. Kuli ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979, inawaweka wachukuzi wa bandari ya Zanzibar katikati ya hadithi, hadi kwenye mgomo wao wa mwaka 1948. Humo anayebeba ndiye anayefikiri, anayekosea na anayeamua. Nilimpa fundi nakala yangu. Aliirudisha baada ya wiki moja ikiwa na alama ya kidole chenye oili kwenye kurasa za mwisho. Akasema tu, "Hii haina deraya hata moja, na sikulala."

Utafiti wangu umebadilika. Bado ni juu ya beni, bado nina mstari mwekundu wa suruali na upanga wa mbao, na sitaviacha. Ila sasa naviuliza swali jingine. Zamani niliona mtu maskini anayejifurahisha kwa kujifanya mkubwa. Sasa naona mtu aliyetembea na jeshi na kurudi hai. Huko alikuwa mzigo unaobeba mzigo. Aliporudi akakopa kitambaa ili angalau kwenye vita vya kuchezwa asiwe mpagazi. Labda namwekea maneno mdomoni. Hakuacha hata mstari wa maandishi. Lakini deni la fundi cherehani linaniambia kwamba suruali ile haikuwa mzaha kwake.

Jioni moja mwezi uliopita tulikusanyika tena kwenye fremu. Fundi alikuwa amefinyanga mtu wa urefu wa kidole kwa gundi ya udongo, kando ya Space Marine wake mmoja wa plastiki. Alitaka awe mpagazi. Tukaanza kubishana avae nini. Mmoja alitaka blanketi begani, kwa sababu picha za zamani zinaonyesha hivyo. Mwingine akataka miguu peku. Nilileta picha nilizohifadhi za wakati wa vita, tukazikuza kwenye skrini, tukahesabu kamba za mzigo, tukapima boksi kwa kulinganisha na bega. Tulibishana saa nzima, kwa ukali ule ule wa Mark 3 na Mark 6.

Tulipokwama kwenye kichwa, hatukujua mzigo unakaaje bila kuumiza, sauti ikapanda kutoka chini: "Pisha mzigo!" Kijana yule yule. Safari hii fundi alitoka mlangoni, akamsubiri ateremshe, akampa maji. Kisha akamuuliza.

Kijana alituangalia kama wendawazimu. Halafu akavua kitu kichwani akakiweka juu ya kioo cha meza, kati ya simu zilizopasuliwa. Kilikuwa kipande cha kanga kuukuu kilichosokotwa duara na kufungwa kwa uzi wa gunia, kimebonyea upande mmoja.

"Ngata," alisema. "Upande huu ndio wa mbele. Ukikosea, shingo inakuua."

Fundi aliigeuza polepole, akaitazama ndani na nje. Kisha akachukua udongo, akaanza kusokota.